Maswali ya Wasomaji: Mikve, maji yanayokuja baada ya jeraha kufunga

Tangu tuligusie josho la Wayahudi liitwalo mikve, barua hazijakatika. Wengi mnauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: maji haya yanaponya? Tumechagua barua saba. Neno la Kiebrania lisilo na mwenzake tumeliacha lilivyo. Kwingine tumetumia maneno yetu ya siku zote, josho, hedhi, dhiraa, shibiri.

Nimesikia kwamba Wayahudi huzama majini ili wapone na kuanza upya. Hapa mjini watu wanaahidiwa uponyaji wa maji kila wiki. Mikve inatofautianaje na hayo? (Mwalimu mstaafu, Tandika)

Shikamoo, mwalimu. Tofauti iko kwenye nini kinatangulia. Fungua Mambo ya Walawi sura ya 14. Mwenye ukoma hapelekwi majini ili apone. Kuhani anatoka nje ya kambi kumkagua, na akiona pigo limekwisha kupona ndipo shughuli inaanza: ndege wawili, mti wa mwerezi, hisopo, sufu nyekundu, kufua nguo, kunyoa nywele zote, kuoga. Anakaa siku saba nje ya hema lake, ananyoa na kuoga tena. Kupona kumetangulia, maji yamefuata, na kazi ya maji ni kumrudisha mtu kwa watu wake.

Mikve nayo inakwenda hivyohivyo. Mtu huingia akiwa ameshaoga kwa sabuni, amepiga mswaki, amekata kucha. Uchafu umebaki bafuni. Kinachoondoka majini ni tuma, hali ambayo tafsiri zetu huiita unajisi, na neno hilo limewapotosha wengi kwa sababu masikioni mwetu linanuka. Tuma hainuki. Huja hasa pale mauti yalipopita karibu na uhai: kugusa maiti, ukoma, damu ya mwezi ambayo haikuwa mtoto. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alifunga sheria zake za mikve kwa kueleza kwamba tuma si tope wala kinyesi kinachotolewa na maji. Ni amri ya Maandiko, na jambo zima linategemea nia ya moyo. Na huyo alikuwa tabibu, alijua dawa ni kitu gani.

Kuhusu kuanza upya, kipo kitabu cha Hispania cha karne ya 13 kinachofafanua amri 613 za Torati moja baada ya nyingine. Kinasema anayezama ajione kama ameumbwa saa ileile, kwa kuwa dunia ilikuwa maji matupu kabla ya mwanadamu. Mwanzo 1:10, pale tunaposoma “makusanyiko ya maji”, Kiebrania kinatumia neno mikve. Neno hilohilo katika Yeremia 17:13 linasomeka “tumaini la Israeli”, na Rabi Akiva, mwalimu wa Kiyahudi wa zamani, alizishika maana zote mbili kwa mkono mmoja: kama mikve inavyowatakasa walio na tuma, ndivyo Mungu anavyoitakasa Israeli.

Kwa hiyo, mwalimu, mikve haitibu ugonjwa. Inamhusu mtu ambaye ugonjwa umeisha, msiba umepita, ndoa imevunjika na karatasi zimetoka, lakini yeye mwenyewe bado amesimama mlangoni.

Rafiki yangu wa kazini ni Myahudi. Mimba yake ilitoka miezi miwili iliyopita ikiwa na miezi mitano. Anataka kuzama baharini na ameniomba nimsindikize. Mimi ni Mkristo, sijui nishike nini wala niseme nini, naogopa kumharibia. (Dada, Mikocheni)

Pole zetu zimfikie, dada, na wewe pia.

Kwanza ujue kwamba siku hiyo huenda mambo mawili yakakutana. Kwa sheria ya Kiyahudi mwanamke aliyetokwa na mimba huwa nida, kama aliye kwenye hedhi, mpaka azame. Josho lake basi laweza kuwa la wajibu, na juu ya wajibu ameweka nia yake ya kuomboleza na kuanza tena. Hilo linabadili nafasi yako. Josho la wajibu linataka msimamizi awe mwanamke wa Kiyahudi aliyetimiza miaka 12, athibitishe kwamba mwili wote umezama. Asipopatikana, rabi wake ndiye wa kumwelekeza. Kama wajibu alishautimiza na hili ni la moyo wake tu, wewe unatosha. Apige simu kwa rabi mapema, msije mkaanza kuulizana mkiwa mchangani.

Ikiwa ni la wajibu, hesabu inakwenda hivi. Damu ikatike kabisa. Kabla ya jua kuzama anajikagua kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kikitoka safi, kuanzia jioni hiyo anahesabu siku saba safi, akijikagua ndani yake kama alivyofundishwa. Doa la damu likionekana siku ya tano, hesabu inarudi mwanzo. (Kuna madoa ambayo rabi huyapitisha kutokana na rangi au ukubwa, kwa hiyo asijihukumu mwenyewe.) Kwa mwanamke aliyepoteza mtoto, kurudishwa siku ya kwanza ni kidonda juu ya kidonda. Usimhimize, na usipange likizo yako kwa tarehe aliyokutajia mwanzo. Daktari wake naye aseme kama mwili uko tayari kuingia baharini.

Josho hilo la wajibu huwa baada ya nyota kutoka. Dar es Salaam jua huzama kati ya kama saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka, kwa hiyo saa moja na nusu giza limeshatanda. Ufukwe wetu usiku mnaujua. Sheria yenyewe imeacha mlango hapa: palipo na hatari ya kweli, mwanamke anaweza kuruhusiwa kuzama mchana wa siku ya nane, na hilo pia ni la kuuliza. Josho la moyo peke yake halina saa maalumu. Alfajiri, kabla wachezaji wa mpira hawajafika, panakuwa na utulivu.

Bahari inafaa, ni mkusanyiko wa maji ulioumbwa na Mungu, haihitaji fundi. Ila tazameni mwezi kabla ya kutazama saa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kuelekea saa kumi na kupwa kuelekea saa nne, usiku na mchana. Mkienda saa mbili usiku siku hizo mtayakuta yanakimbia, na mtatembea juu ya mawe yenye miiba kuyafuata. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, saa mbili usiku maji yanaingia. Pateni jedwali la maji la siku husika, au muulizeni mvuvi wa hapo hapo.

Kina kinachotakiwa ni maji kufika shibiri moja juu ya kitovu akiwa amesimama. Yakipungua, atalazimika kujikunja sana, na mikunjo ya tumbo na magoti itafunga maji yasipite. Yakizidi mpaka mabegani ataogopa, na mtu mwenye hofu hazami vizuri. Chini pawe mchanga mgumu. Tope zito linaloshika nyayo ni kizuizi.

Kizuizi, kwa Kiebrania hatsitsa, ndicho kiini cha kazi yote: kitu chochote kati ya ngozi na maji. Maandalizi yafanyike nyumbani, bafuni, bila haraka, kwa saa nzima. Aoge maji ya moto, aoshe nywele kwa shampuu bila kondishena ya kubaki, azichane zote mpaka chanuo lipite bila kukwama. Mafuta ya nazi yaliyoganda kichwani yatoke. Kucha za mikono na miguu zikatwe na kusafishwa chini yake. Apige mswaki na apitishe uzi kati ya meno. Wengi siku hiyo hawali nyama kwa ajili ya nyuzi zinazobaki humo. Hereni, kipini, pete, shanga za kiunoni, plasta na lenzi za macho, vyote vitoke. Asafishe pua, masikio na kitovu. Mwisho ajitazame na kujipapasa mwili mzima. Baada ya hapo asipake losheni.

Njiani avae dera pana la pamba na malapa. Malapa yabaki ukingoni kabisa mwa maji, na akiingia asugue nyayo kwa mkono ndani ya maji ili mchanga utoke. Mahali penye macho ya watu anaweza kuzama na dera, kwa kuwa ni pana na maji yanapita. Alilowanishe kwanza lote, maana dera kavu hubeba hewa na kupanda juu kama puto, wewe usione kichwa kilipo. Kanga iliyofungwa kwa fundo la kubana haifai.

Akifika kwenye kina anasimama miguu imeachana kidogo, anainama mbele kidogo tu kama anayekanda unga, mikono mbali na mbavu, vidole vimelegea. Macho yafungwe taratibu bila kukaza, midomo igusane bila kubanwa. Akikaza uso, mikunjo nayo ni kizuizi. Halafu anashuka wima kwa kukunja magoti, anaachia miguu kidogo, anakaa chini kwa kuhesabu moja mbili, anapanda. Mwili wote na nywele zote viwe chini ya maji kwa wakati mmoja. Kosa la kawaida kuliko yote ni nywele: kichwa kimezama, lakini shungi limebaki linaelea juu kama mwani. Hilo ndilo jicho lako linatakiwa kulitafuta. Simama karibu, upande wa mgongo wake, na tochi kama ni usiku. Ukiona kimezama chote, sema “kosher”, yaani limefaa. Ukiona unywele juu, sema tu, “Nywele zimebaki, rudia.” Hutamkwaza, ukinyamaza kwa huruma ndipo utamharibia.

Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Kaskazini na Mashariki huzama mara moja, husimama majini na kusema baraka, kisha huzama tena. Wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu wengi husema baraka kabla. Maana yake ni hii: umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kuzama. Kisheria mara moja kamili inatosha. Wengi huzama mara tatu, wengine saba. Kama josho si la wajibu, wanaofuata sheria kwa ukamilifu hawasemi baraka hiyo, kwa sababu hakuna amri ya kuitaja. Atasoma zaburi, au atasema yake mwenyewe, au atanyamaza.

Anapotoka, nyanyua taulo kubwa au kanga mbili zilizoshonwa pamoja mpaka usawa wa macho yako, usimwone mpaka amejifunika. Usimwambie atapata mwingine. Chukua chupa ya chai ya tangawizi.

Sisi Waislamu tuna josho la janaba na la hedhi. Mikve ni kitu hichohicho? Na bibi harusi wao akija kupambwa, hina inaruhusiwa? (Kungwi, Ilala)

Shikamoo, somo. Undugu upo: nia, maji kufika kwenye kila unywele, rangi ya kucha kutolewa. Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza, kujimwagia hakutoshi. Kopo, bomba la mvua, hata ndoo kumi, havihesabiki. Lazima mwili uzame wote kwa pamoja ndani ya maji yaliyokusanyika yenyewe. Pili, hedhi ikikatika hawaogi siku hiyo, wanangoja zile siku saba safi. Bibi harusi huzama siku chache kabla ya harusi kwa hesabu hiyohiyo, hivyo siku ya harusi isipangwe kabla ya kuhesabu.

Hina inaruhusiwa. Wayahudi wa Yemeni na Moroko wana usiku wa hina kama sisi. Rangi iliyoingia kwenye ngozi haina unene, kwa hiyo si kizuizi. Udongo wa hina uliokauka ndio utoke wote. Piko pima kwa ukucha: ukikwangua na kitu kikabanduka, kitoke. Kope za bandia, kucha za gundi na nywele za kushonea zitoke. Rasta zifumuliwe. Mwenye nywele zilizojisokota zenyewe kwa miaka amwone rabi kabla ya mkasi, maana nywele zilizoshikana kwa namna hiyo zina hukumu yake.

Mpambe baada ya mikve, si kabla. Utaokoa kazi yako.

Mgonjwa wetu mmoja, mama wa Kiyahudi kutoka Marekani, alikatwa titi na amemaliza dripu za saratani. Anasema anataka mikve “ya kufunga ukurasa”. Je, ni salama? (Muuguzi, Upanga)

Asante kwa kuuliza kabla. Jambo hili lina historia. Mwaka 2004 ilifunguliwa huko Newton, Massachusetts, mikve ya jamii iitwayo Mayyim Hayyim, kwa juhudi za mwandishi Anita Diamant, na pamoja na majosho ya wajibu imeandaa maneno ya kusomwa na anayemaliza matibabu, aliyepoteza mimba, aliyepewa talaka, aliyeshambuliwa. Ngazi za kushukia majini ni saba, kwa siku saba za uumbaji. Mgonjwa wako hajabuni kitu.

Usalama mnaujua ninyi. Chembe nyeupe za damu ziwe zimepanda, jeraha liwe limefunga, nyuzi zimetoka, daktari ameandika. Bahari ya karibu na mifereji ya mji baada ya mvua isiguswe kwa mtu ambaye kinga yake bado iko chini; angoje wiki za ukavu au asafiri kwenda kwenye maji safi. Kifaa cha dripu kilichopandikizwa chini ya ngozi si kizuizi, kwa sababu kiko ndani ya mwili. Mpira unaotokeza nje, mfuko wa choo na bandeji ni mambo ya kumuuliza rabi na daktari kwa pamoja. Gaga kavu juu ya kovu lisibanduliwe kwa nguvu. Lilowekwe kwa maji ya uvuguvugu mpaka lilainike. Titi la bandia na wigi abaki navyo mpaka ukingoni, kisha avitoe.

Huyu kuna kitu cha ziada atakutana nacho: maji yatagusa kovu ambalo pengine hata mume wake bado hajaligusa. Mwache akae chini ya maji muda anaotaka, ilmradi umesimama karibu.

Nimeombwa makisio ya kujenga mikve kwenye kiwanja huku Goba. Mteja anasema maji ya bomba peke yake hayafai na hataki tangi la plastiki. Nataka kuelewa sababu na vipimo. (Fundi, Goba)

Fundi, kazi hii anayeipitisha ni rabi mwenye ujuzi wa mikve, na anakagua mara tatu: mchoro, zege, na siku ya maji. Usichimbe kabla mchoro haujapita.

Sheria inaanzia Mambo ya Walawi 11:36, inayotaja chemchemi na birika la maji yaliyokusanyika, na imepanuliwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, sehemu iitwayo Mikvaot, yenye sura 10. Kiasi cha chini ni sea 40, yaani shimo la dhiraa moja kwa dhiraa moja, kina dhiraa tatu. Kwa lita, hesabu ndogo inayofuatwa ni kama 332 na kubwa ni kama 573. Hakuna anayejenga kwa kiasi cha chini. Shimo la mvua lifanye lita 750 hadi 1,000.

Maji hayo ya kwanza lazima yafike yenyewe, bila kubebwa na mtu wala kutulia ndani ya chombo. Tangi la plastiki ni chombo, hata ukilizika. Mvua ikiingia humo imeshakuwa maji ya kuchotwa. Ndiyo sababu shimo hujengwa kwa zege palepale ardhini, likawa sehemu ya ardhi.

Mvua unaipigia hesabu rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 5 kwa 8 ni mita za mraba 40; mvua ya milimita 30 inatoa lita 1,200, ukitoa zinazorukia pembeni bado unabaki na za kutosha. Masika siku moja nzuri inaweza kulijaza. Mvua ya kwanza iache iende nje, ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru. Mfereji uteremke mfululizo, usiwe na kikombe wala kona inayotuamisha maji, maana hapo napo ni chombo. Kipande cha mwisho kabla ya shimo kiwe mtelemko wa zege lililoshikana na ardhi, si bomba la chuma.

Sasa sikiliza mahali mafundi wengi wanapoharibu. Shimo likiwa bado halijafika sea 40, log 3 za maji ya kuchotwa, kama lita moja tu, zinaliharibu lote. Wewe umezoea kumwagilia zege siku saba likomae, na kijana wako amezoea kusuuza mwiko pale pale. Yale maji ya ndoo yakibaki sakafuni na mvua ikaja juu yake, kazi imekufa: unamwaga yote, unakausha kwa kitambaa, unangoja mvua nyingine. Kwa hiyo likomae, likauke, lifunikwe, ndipo mfereji uunganishwe.

La pili ni kuvuja. Maji ya mvua yanatakasa yakiwa yametulia. Ufa unaoyachuruzisha unayatoa kwenye hukumu hiyo. Jaribu kabla: jaza maji ya bomba, piga mstari wa penseli, weka karibu karai lenye maji na mstari wake, ngoja saa 24. Shimo likishuka kuliko karai, linavuja. Kisha mwaga na ukaushe kama nilivyosema. Tundu la kutolea maji chini ya sakafu lenye kizibo ni ugomvi wa marabi tangu zamani; wengi wanapendelea yanyonywe kutoka juu kwa pampu.

Shimo la mvua likitimia, maji ya bomba yanaruhusiwa, na mteja wako hajakosea aliposema “peke yake”. Bwawa la kuzamia linajengwa ubavuni mwa shimo hilo, au juu yake kama wafanyavyo Chabad, jamii mojawapo ya Wayahudi washika sheria. Unalijaza maji ya bomba, unayatia joto, unayatia klorini, unayabadili unapotaka. Kinachoyahalalisha ni kugusana na maji ya mvua kupitia tundu la angalau sentimita 5, ambalo Wayahudi wanaliita kubusiana. Tundu likae chini ya usawa wa maji ya pande zote mbili. Likizibwa na mwani, au msimamizi akisahau kizibo, kabla maji mapya hayajagusana na ya mvua, aliyezama amezama kwenye bafu. Pampu ya kuchuja izimwe mtu akiwa ndani.

Bwawa la mita 1.5 kwa 1.5 lenye maji ya sentimita 120 linachukua lita 2,700. Ngazi ziwe pana, zisiteleze, na ukono wa kushika pande zote mbili. Wazee na wagonjwa watashuka hapo. Chumba cha kuandalia kiwe na bafu, kioo kikubwa na taa kali.

Iko njia nyingine, ya kuchimba mpaka maji ya ardhi yapande yenyewe. Friedberg, Ujerumani, kuna mikve ya mwaka 1260 iliyochimbwa kama mita 25 kwenda chini, ngazi zikizunguka kuta mpaka kwenye maji. Dar maji ya chini mahali pengine yako karibu, lakini karibu hiyohiyo ndiyo ya mashimo ya vyoo. Pima kwanza.

Nafanya kazi za ndani Oysterbay. Mama mwenye nyumba akinunua sufuria mpya huzipeleka baharini kabla sijapikia. Kwa nini, na mimi naweza kumsaidia? (Dada wa kazi)

Msingi ni Hesabu 31:23. Vyombo vya chuma na vya glasi vya kulia au kupikia, vikitoka kwa asiye Myahudi, huzamishwa kabla ya kutumika. Plastiki wengi hawaizamishi, au huizamisha bila baraka. Unaweza kusaidia sana kwenye maandalizi: lebo na gundi yake vitoke kabisa, sugua kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni. Mfuniko utenganishwe. Wakati wa kuzamisha mkono ulowe kwanza, sufuria ishikwe bila kubanwa, iingie kwa ubavu ili hewa isibaki ndani, na izame yote mara moja. Baraka ataisema yeye.

Nimeuziwa dumu la lita 5 la “maji ya mikve kutoka Israeli” kwa shilingi 40,000, nikaambiwa ninywe kijiko asubuhi na jioni, presha na sukari vitaisha. Ni kweli? (Baba, Mbagala)

Si kweli, baba, na aliyekuuzia hajui hata mikve ni nini. Soma tena jibu tulilompa fundi: maji yakishaingia kwenye chombo yamekuwa ya kuchotwa, na hayo ndiyo yasiyofaa kuanzisha mikve. Dumu ni chombo. Maji ya mikve hayanywewi, hayanyunyizwi, hayauzwi kwa kijiko. Yamepitiwa na miili ya watu wengi na mengi yana klorini. Hakuna sheria ya Kiyahudi inayoyafanya dawa ya presha wala ya sukari.

Usiyanywe. Kama uliacha vidonge tangu uliponunua dumu hilo, nenda kliniki leo ukapimwe vyote viwili, na umwambie daktari ni siku ngapi hukumeza, kwa sababu dozi ya kurudia yeye ndiye ataipanga.